Kiko Kilicholegea Mrija: Sababu Yake na Dawa Yake

Katika nchi ya Singida, tangu Iramba na Mkalama hata Ikungi, Manyoni na Itigi, si ajabu kumkuta mzee ameketi kivulini, kiko chake mkononi. Wako pia watu wasiovuta tumbaku kabisa, lakini wameweka ndani kiko cha baba au cha babu, kama walivyoweka kigoda chake na fimbo yake. Kwa hiyo habari hii tuiandikayo yawafaa wavutaji na wasiovuta pia. Ni habari ya kiko kilicholegea mrija, kwa nini hulegea, na jinsi ya kukikaza bila ya kukiharibu.

Huenda mtu akasema, "Hili ni jambo dogo, halistahili kuandikwa." Sisi twamjibu kwamba udogo wake ni wa kuonekana tu. Mrija ukilegea, kwanza hewa hupenya pale unapoungana na kiko, na mvutaji huvuta upepo badala ya moshi. Tumbaku huzimika, naye hana budi kuwasha tena na tena. Pili, siku moja kiko hupomoka chenyewe, moto ukiwa ndani yake. Ikiwa mzee ameanza kusinzia, kaa huanguka juu ya nguo yake, au juu ya mkeka, au juu ya mtoto achezaye miguuni pake. Na ikiwa yuko porini kati ya Julai na Oktoba, wakati majani yamekauka na pepo za Singida zavuma bila kupumzika, kaa moja laweza kula malisho ya kijiji kizima, pamoja na miti yenye mizinga ya nyuki ambayo ni mali ya watu. Tena kiko chenyewe, kikianguka juu ya jiwe, huvunjika, wala hakipatikani kingine kama kile. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na maneno hayo yafaa kwa kiko kama yafaavyo kwa nyumba.

SEHEMU ZA KIKO

Kabla ya kueleza dawa, yafaa tupatane juu ya majina. Pale panapotiwa tumbaku twapaita bori. Palipotokeza ubavuni mwa bori, penye tundu la kupokea mrija, twapaita shingo. Kijiti chenye uwazi ndani kinachopeleka moshi kinywani ndicho mrija. Na ncha ya mrija iingiayo katika tundu la shingo tutaiita ulimi, kama maseremala waitavyo ncha ya ubao iingiayo katika ubao mwingine. Msomaji akishika majina hayo manne, bori, shingo, mrija na ulimi, hatapotea katika maneno yafuatayo.

Viko si vya namna moja. Kiko cha maji cha watu wa pwani, ambacho moshi wake hupita katika maji yaliyo ndani ya kifuu cha nazi au kibuyu, si shauri letu leo. Sisi twasema habari za kiko kikavu, chenye bori la udongo uliochomwa au la mti, na mrija wa tete, wa mwanzi au wa kijiti kilichotobolewa. Twasema pia habari za kiko kinachotoka ng'ambo. Wahadzabe, wakaao karibu na Ziwa Eyasi, na ambao baadhi yao wamo katika wilaya ya Mkalama, huchonga kiko cha jiwe laini mfano wa bomba fupi. Kiko hicho hakina mrija wowote, basi hakina cha kulegea. Na katika jambo hilo wametushinda sisi wengine.

KWA NINI MRIJA HULEGEA

Watu wengi hudhani ya kuwa mrija hulegea kwa sababu ya uzee au kwa kuchomolewa mara nyingi. Kuchomolewa kwaweza kuulegeza, lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni ukavu. Mti, hata ukiwa umekatwa miaka mingi iliyopita, haukomi kunywa unyevu wa hewani wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi. Ukinywa, hunenepa; ukitoa, hukonda. Mti mbichi ukikaushwa kabisa hupungua unene wake kwa kadiri ya sehemu 3 hata 10 katika kila 100, kwa kufuata namna ya mti na upande wa nyuzi zake. Bali urefu wake haupungui ila kidogo sana.

Sasa tuitazame nchi yetu. Mvua ya Singida huanza Novemba au Desemba, ikakoma Aprili au mwanzo wa Mei. Baada ya hapo ni miezi mingi ya jua na upepo. Mkulima aona dalili zake katika jembe lake. Jembe lililokuwa imara wakati wa kupalilia huchezacheza katika mpini wake wakati wa kiangazi, wala hakuna aliyelipiga. Kiko nacho ni vivyo hivyo. Ikiwa bori na shingo yake ni vya udongo uliochomwa, udongo huo haunenepi wala haukondi, bali ulimi wa mti uliomo ndani hukonda peke yake, na nafasi hutokea. Ikiwa shingo ni ya mti, tundu lake nalo hujibana mti ukaukapo; lakini miti miwili haikauki kwa kadiri moja, na moto wa bori hukausha upande mmoja kuliko mwingine. Kwa hiyo mmoja hutangulia, mwingine hufuata, na katikati yao hewa hupita.

Liko na jambo jingine ambalo mtu halioni kwa macho. Mti hukonda zaidi upande mmoja wa nyuzi zake kuliko upande wa pili. Basi kitu kilichochongwa mviringo kikiwa kibichi, kikikauka huwa na umbo la yai. Ulimi si mviringo tena, wala tundu si mviringo. Ndiyo sababu mwenye kiko huona kwamba akiuzungusha mrija kidogo, mahali pengine hushika, na mahali pengine hulegea. Hapana uchawi hapo. Ni mayai mawili yanayotafutana. Mtu akikuta mahali panaposhika, na atie alama ndogo juu ya mrija na juu ya shingo, apate kuvirudisha mahali pale pale kila mara. Pengine dawa yote ni hiyo, wala hapana kazi nyingine ya kufanya.

NAFASI NI NDOGO KULIKO UDHANIVYO

Ulimi wenye unene wa milimita 10, ukikonda kwa sehemu 2 katika 100, umepungua milimita 0.2 tu. Karatasi ya daftari la shule ina unene wa karibu milimita 0.1. Mtu akiizungusha mara moja kamili katika ulimi, karatasi iko pande zote mbili, basi ameongeza milimita 0.2, nayo ni kadiri ile ile iliyopotea. Kwa hiyo ugonjwa wote wa kiko, ambao humfanya mtu achukue nyundo na misumari, ni unene wa karatasi mbili. Twaomba wasomaji walishike neno hili kuliko mengine yote: atakaye kukaza kiko na aongeze kidogo, ajaribu, kisha aongeze tena ikiwa haja ipo. Viko vilivyopasuka shingo mara nyingi havikupasuliwa na kulegea, bali na mikono ya waliotaka kuvikaza kwa nguvu.

MAJI SI DAWA

Desturi iliyoenea sana ni kuutumbukiza ulimi katika maji, kama watu watumbukizavyo mpini wa jembe. Kweli, hukaza upesi. Lakini sikilizeni maneno ya mzee mmoja na mjukuu wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nipe huo mtungi, nikitie kiko changu maji."

"Babu, jana ulikitia maji, na juzi pia."

"Ndiyo, mwanangu. Kila siku nakikopesha maji, na kila siku kinanidai zaidi."

Mzee yule alisema kweli kabisa. Sababu yake ni hii. Ulimi ukinywa maji hutaka kunenepa, lakini tundu lauzuia. Kwa kuwa hauna nafasi ya kwenda nje, nyuzi zake hujiponda zenyewe ndani. Ukikauka tena, nyuzi zilizopondwa hazirudi kama zilivyokuwa, na ulimi huwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kutiwa maji. Ndivyo ilivyo kwa mpini wa jembe pia. Maji hukopesha ukazo wa leo kwa kulegea kwa kesho. Tena shingo ya mti ikilowa yaweza kupasuka, na shingo ya udongo yaweza kupasuliwa na ulimi ulionenepa ndani yake.

KAZI YENYEWE

Kwanza, acha kiko kipoe kabisa. Usichomoe mrija wakati bori ni la moto. Wakati huo mti una joto na unyevu pamoja, na ulimi ukilazimishwa huvunjika ndani ya shingo, au shingo hupasuka. Kikipoa, shika shingo kwa mkono mmoja, si bori, na kwa mkono wa pili uchomoe mrija huku ukiuzungusha upande mmoja tu. Usiutikise huku na huko, maana kutikisa hupanua tundu.

Pili, safisha. Ndani ya tundu kuna uchafu mweusi wa tumbaku unaonata kama lami. Uondoe kwa kijiti kilichochongwa butu na kitambaa kikavu, bila kukwangua mti wenyewe. Mara nyingine mrija hulegea kwa sababu uchafu huo umeuzuia kuingia hata mwisho, nao ukiondolewa mrija hushika wenyewe. Uchafu huo una sumu ya tumbaku. Usiuache mahali watoto wapafikapo, na baada ya kazi nawa mikono kwa sabuni.

Tatu, tafuta mahali palipolegea. Pakaza ulimi chaki au unga wa makaa kidogo sana, uutie katika tundu, uuzungushe mara moja, kisha uutoe. Pale chaki ilipofutika, ndipo ulimi unapogusa. Pale iliposalia, hapagusi. Kwa alama hizo utajua kama nafasi iko pande zote, au upande mmoja, au mwishoni tu. Futa chaki yote kabla ya kuendelea.

Nne, chagua dawa kwa kadiri ya ugonjwa. Dawa ziko tatu.

Dawa ya kwanza ni nta ya nyuki, na katika nchi ya asali kama Singida haina gharama. Yafaa kwa mrija uliolegea kidogo tu, unaoshika lakini huzunguka wenyewe. Chukua nta safi kadiri ya punje ya hindi, uilainishe kwa vidole, uipake katika ulimi mpaka ung'ae, kisha ufute iliyozidi. Utie mrija kwa kuuzungusha polepole. Lakini jueni kwamba nta huyeyuka katika joto la digrii 62 hata 64 za Selsiasi, na kaa la tumbaku lina joto la mamia ya digrii. Kwa hiyo nta yafaa tu kwa kiko chenye shingo ndefu, ambacho maungio yake yako mbali na moto. Katika kiko kifupi nta itayeyuka, itaziba njia ya moshi, na mrija utatoka kwa urahisi kuliko kwanza.

Dawa ya pili ni uzi wa pamba au karatasi nyembamba. Yafaa kwa mrija unaoanguka ukiinamishwa. Ikiwa maungio yako mbali na moto, pitisha uzi juu ya kipande cha nta. Ikiwa yako karibu, tumia uzi mkavu, au utepe mwembamba wa ngozi laini. Anza kuuzungusha karibu na ncha ya ulimi, ukiacha ncha yenyewe wazi ili tundu la moshi lisizibwe, ukaendelea mpaka mwisho wa ulimi. Mizunguko ikae ubavu kwa ubavu, wala isipandane. Na uzi uuzungushe kwa namna ambayo ukiutia mrija kwa kuuzungusha, uzi ukazwe zaidi badala ya kufunguka. Tabaka moja latosha kwa kwanza. Jaribu. Mrija ulioingia vema husukumwa kwa vidole tu, wala hauhitaji goti wala kiganja. Na ukiinua kiko kwa mrija, bori haliteremki.

Dawa hii ina wema mwingine. Uzi ni laini, basi mvua zijapo na ulimi ukinenepa, uzi hubanwa badala ya shingo kupasuka. Tena mtu akiona umekaza mno, huufungua akaanza upya. Dawa isiyoweza kuondolewa si nzuri kwa kitu ambacho hubadilika kila mwaka.

Dawa ya tatu ni kisu, nayo ni kwa ulimi ulioliwa kabisa. Miti na matete mengi yana upande mnene na upande mwembamba. Ikiwa mrija hunenepa kuelekea kinywani, kata ncha iliyoliwa kwa upana wa ukucha, uchonge mahali papya kidogo kidogo, usawazishe kwa jani la msasa au karatasi ya msasa, na ujaribu baada ya kila mara mbili tatu. Kupunguza ni rahisi. Kurudisha kilichopunguzwa hakuwezekani. Ikiwa mrija hauna unene wa kutosha, fanya mpya. Lakini tete au kijiti kibichi kisitumiwe siku ile ile. Kikate, ukitoboe, ukiweke kivulini majuma kadhaa mpaka kiache kukonda, ndipo ukichonge ulimi. Wengi hufanya mrija mpya leo, na baada ya mwezi hulalamika kwamba umelegea tena, kumbe ulikuwa haujakauka.

SHINGO IKIWA IMEPASUKA

Ikiwa shingo ya mti ina ufa, kukaza ulimi kutauzidisha ufa huo. Yafaa kufunga shingo kwanza kutoka nje. Hapo mafundi wa kale wanatufundisha, maana walifunga pinde na mipini kwa ukano au kwa utepe wa ngozi mbichi. Utepe huloweshwa mpaka ulainike, huzungushwa kwa nguvu juu ya ufa, mwisho wake hufichwa chini ya mizunguko, kisha huachwa kivulini ukauke siku mbili au tatu. Ngozi mbichi ikikauka hujivuta, ikabana kuliko mkono wa mtu uwezavyo kubana. Waya mwembamba wa shaba pia wafaa, lakini waya haujivuti. Wategemea mkono wa mfungaji. Wakati wa kufunga, mrija usiwe ndani ya shingo, ili ufa upate kujifunga.

VIKO VYA MADUKANI

Viko vingi vya Ulaya huchongwa kwa mzizi wa kichaka kimeacho katika nchi zilizo kando ya Bahari ya Mediterania, na mirija yake mara nyingi ni ya mpira mgumu mweusi uitwao ebonaiti. Kiko cha namna hii kikiwekwa miezi mingi bila kutumiwa, mti wake hukauka na mrija hulegea. Ikiwa ni kidogo, nta yatosha. Ikiwa ni zaidi, ulimi wa ebonaiti waweza kupanuliwa. Utie ulimi peke yake katika maji yaliyotoka kuchemka, kwa dakika moja au mbili, mpaka ulainike. Kisha ingiza polepole katika tundu la moshi msumari laini usio na kutu, wenye kupungua unene kuelekea nchani, mnene kidogo tu kuliko tundu, kwa urefu wa milimita chache. Uache upoe msumari ukiwa ndani, ndipo uutoe. Ukizidisha, uutie tena katika maji ya moto. Ebonaiti hutaka kurudi katika umbo lake la kwanza. Usiushike juu ya moto wa mshumaa, maana huungua. Na mirija ya plastiki ya siku hizi isifanyiwe hivyo, kwa kuwa huweza kupasuka. Nta ndiyo dawa yake.

Wako pia wenye viko vilivyofanywa katika nchi yetu wenyewe. Katika miaka ya 1950 kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, huko Arusha, ilianza kufanya viko kwa jiwe jeupe jepesi lililochimbwa upande wa Sinya, karibu na mpaka wa Kenya. Jiwe hilo Wadachi waliliita povu la bahari kwa wepesi na weupe wake, na viko vile vilipewa jina la Kiko, neno letu wenyewe la Kiswahili, likasomwa na wavutaji wa nchi za mbali. Mwenye kurithi kimoja cha hivyo na akitunze. Jiwe lile ni laini, na shingo yake haistahimili nguvu. Kiko hicho kisiloweshwe katika maji, kisichongwe tundu, wala ulimi wake usisukumwe kwa lazima. Uzi tabaka moja au nta kidogo, basi.

VITU VISIVYOFAA

Watu wengine hutumia gundi ya migunga, kwa kuwa iko karibu. Gundi hiyo huyeyuka kwa unyevu, na pumzi ya mvutaji ina unyevu. Basi siku chache tu huwa ute. Wengine hutumia gundi kali za madukani. Hizo hushika sana, lakini mrija hautoki tena kusafishwa, na gundi ikipata moto hutoa mvuke mbaya ambao mvutaji huumeza. Mpira wa gurudumu, nailoni na mifuko ya plastiki ni vivyo hivyo: vikipata joto hutoa moshi wenye sumu. Risasi isitiwe kabisa katika kitu kiendacho kinywani, maana ni sumu iingiayo mwilini polepole.

NENO JUU YA TUMBAKU YENYEWE

Haitakuwa haki tukieleza jinsi ya kukaza kiko tusiseme habari za moshi wake. Waganga wamethibitisha kwamba moshi wa tumbaku huleta kansa ya midomo, ya kinywa, ya koo na ya mapafu, na kiko hakimwokoi mvutaji na hatari hizo. Kupokezana kiko kimoja kinywa kwa kinywa huweza kupitisha magonjwa. Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kusimamia bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na si halali kuwauzia watoto walio chini ya miaka 18. Kwa hiyo mzee asimtume mtoto kumwashia kiko, wala asimwonjeshe. Yeye aliyeacha kuvuta amefanya vema, lakini si lazima akitupe kiko cha baba yake. Na akisafishe, akikaze kwa uzi, akiweke. Kiko kilichokazwa vema hukaa miaka mingi bila kuvunjika, hata kama hakitiwi moto tena.

SHAURI LETU

Twawashauri wenye viko wavikague mara mbili kila mwaka. Mara ya kwanza ni baada ya mavuno, mti uanzapo kukonda. Hapo waongeze uzi ikiwa haja ipo. Mara ya pili ni mvua za kwanza zikishuka. Hapo wapunguze uzi, ili ulimi unaponenepa usiipasue shingo. Hii ya pili ndiyo isahauliwayo na wengi. Kipande cha nta na uzi wa mkono mmoja vyakaa katika mfuko wa tumbaku bila kuongeza uzito.

Na waalimu twawaomba neno moja. Wakitaka kuwafundisha watoto jinsi mti unavyonenepa na kukonda, hawana haja ya kiko wala tumbaku. Na wachukue mpini wa jembe, waupime unene kwa uzi mwezi wa Machi, waandike kipimo ubaoni na katika daftari, kisha waupime tena mwezi wa Septemba. Watoto wataona wenyewe kilichopungua, na wakirudi nyumbani watawaeleza babu zao kwa nini mtungi wa maji haujaponyesha kiko hata leo.